Mashimo Kumi na Manane kwa Miguu

Jina la Bi Hatua alilipata kazini, likamkaa mpaka watu wakasahau lile alilozaliwa nalo. Alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka thelathini na miwili alipanda vilima na darubini ya kupimia begani, akashuka mabonde yenye matope ya magotini, akachimbia vigingi vya saruji kwenye mipaka ya mashamba ambayo wenyewe walikuwa karibu kutoana roho. Wenzake wakiwa bado wanahangaika kukunjua kamba ya chuma, yeye alikuwa amekwisha kwenda na kurudi kwa miguu, anawaambia, "Mita mia mbili na kumi. Kubalini au pimeni." Wakipima, wanakuta mia mbili na kumi, ikizidi sana mia mbili na kumi na moja. Ndipo mmoja wao, mtu wa mzaha, akasema huyu si binadamu, huyu ni hatua tupu. Jina likapata mwenyewe.

Alistaafu akiwa na miaka sitini. Mwaka uliofuata, asubuhi moja, akashindwa kufunga vifungo vya gauni lake. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vyake kwa kuvitazama tu, ukivituma haviendi. Kiharusi kidogo, daktari alisema, tena chenye huruma. Baada ya siku tisa mkono ulianza kurudi, na baada ya miezi mitatu akawa anamenya viazi bila kujikata.

"Tembea, mama," daktari alimwambia siku ya mwisho. "Dawa umeze, chumvi upunguze, lakini kubwa kuliko yote, tembea."

Mwanawe wa pekee alikuwepo siku hiyo. Ni mfamasia, ana duka lake la dawa, kijana mwenye bidii na woga mwingi. Ya dawa aliyasikia, ya chumvi akayaandika. Hilo la kutembea lilimpita sikioni kama upepo. Akamhamishia mama yake nyumbani kwake, akampa chumba cha chini asije akapanda ngazi, akamnunulia kiti cha sebuleni chenye mgongo unaolala na mahali pa kuegemeza miguu. Kilikuwa kiti kizuri. Mtu angeweza kufia humo na wenye nyumba wasijue mpaka saa ya chakula.

"Pumzika, mama," alisema. "Umehangaika vya kutosha."

Mkewe, mwalimu wa sekondari, alikuwa mtu mwema, ila alitoka asubuhi na kurudi jioni. Kutwa nzima Bi Hatua alibaki na kiti, televisheni, na dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani. Ukuta ule ulikuwa na matofali mia nne na kumi na sita, ukiondoa yaliyofichwa na tangi la maji. Alimwambia mkwe wake hesabu hiyo wakiwa wanapanga vyombo, akitania. Mkwe hakucheka.

Siku moja akasema anakwenda kununua mkate. Duka lilikuwa hatua mia mbili kutoka getini. Alilifikia, akalipita. Akapita gereji, akapita shule ya chekechea, barabara ikapinda, na ghafla mkono wa kulia nyumba zikakoma. Palikuwa na ua wa michongoma, na nyuma ya ua kijani kitupu kinapanda na kushuka, miti mikubwa imesimama mmojammoja kama wageni waliofika mapema. Alisimama. Kwa miezi saba hakuwa ameona kitu kilicho mbali kuliko tangi la jirani.

Kitu cheupe kikapita hewani, kikagonga tawi, kikatokomea. Baada ya kitambo akatokea mzee mfupi mwenye kofia, kitambi kimemtangulia, akawa anapekua nyasi kwa fimbo yake kama aliyepoteza pete ya ndoa.

"Baba, unatafuta nini?" Bi Hatua aliuliza kutoka upande wake wa ua.

"Mpira, mama. Mdogo, mweupe, hauna adabu."

"Uko kushoto kwako, nyuma ya mti wa pili. Hatua kumi na mbili, labda kumi na tatu."

Mzee alimtazama kwa mashaka, akahesabu kwa sauti. Ya kumi na mbili akainama, akainuka na mpira mkononi kama mtu aliyevua samaki.

"Mama wewe, kama kuna mahali ulikuwa unakwenda, paache."

"Nilikuwa nakwenda kununua mkate."

"Mkate haukimbii," mzee alisema, na akamwonyesha geti lilipo.

Huyo alikuwa Fundi Saa. Alitengeneza saa maisha yake yote, amejikunja juu ya meza moja mbele ya taa moja, na alipofika miaka sitini akaapa kwamba siku zake zilizobaki hataangalia kitu chochote kilicho karibu kuliko mita hamsini. Gofu ilimfaa. Aliicheza vibaya na kwa furaha kubwa. Ndiye aliyemfundisha Bi Hatua kushika fimbo, kusimama, na kutulia kabla ya kupiga. Mengine ardhi yenyewe ilimfundisha, maana alikuwa anaijua.

Mwanzoni alidhani atachoka na mchezo ule baada ya wiki mbili. Kupiga kampira kwa chuma hadi kadumbukie kijishimoni, basi? Lakini aligundua jambo ambalo Fundi Saa hakulisema kwa sababu hakulijua kwa maneno. Mtu akitoka kutembea tu, anafuata njia, na njia ni ileile, na mwili unakwenda huku akili imebaki nyumbani ikiosha vyombo. Mpira haukubali hivyo. Mpira unakupeleka usikokusudia, kwenye kona yenye umande ambao haujakauka, chini ya mti uliojaa ndege ambao hukuwa na sababu yoyote ya kwenda kuwatembelea, na ukifika huko unakulazimisha utazame. Upepo unatoka wapi? Nyasi zimelalia upande gani? Mteremko huu macho yanasema unakwenda kushoto. Unyayo unasema kulia. Yeye aliamini unyayo, na mara nyingi unyayo ulisema kweli. Mkono wa kushoto nao, uliokuwa mzito kidogo kila asubuhi, ukifika shimo la tatu au la nne unakuwa mkono tena.

Kulikuwa na jingine ambalo hakumwambia mtu. Maisha yake yote aliisoma ardhi ili igawanywe. Kila alipopita kwa uhodari wake, nyuma yake palibaki mipaka, na nyuma ya mipaka seng'enge. Hapa aliisoma kwa ajili ya kupita tu. Alipita, na nyuma yake nyasi zikainuka zikasimama kama zilivyokuwa.

Bi Hatua alimwambia mwanawe wiki ileile ya kwanza, mezani. Mwanawe akaweka kijiko chini.

"Gofu? Mama, juzi tu hapa ulikuwa huwezi kufunga kifungo."

"Sasa naweza. Tazama," akafungua kifungo cha mkono wa gauni, akakifunga.

Mfamasia hakulala na neno. Kesho yake alikwenda uwanjani mwenyewe akajionee, akawakuta wanachama wamejipakia kwenye vigari vya betri, wawili wawili, wanakwenda taratibu kama watalii. Akarudi amepoa. "Ah, kumbe wanakaa! Basi sawa, mama. Ila upande kigari."

"Nimekusikia, mwanangu."

Na kumsikia alikuwa amemsikia kweli. Kukubali ni jambo jingine.

Yakapita hivyo kwa miezi minane. Kisha mteja mmoja, akiwa anasubiri dawa yake ya kikohozi, akamwambia mfamasia kwa sifa nzuri tu: "Mama yako ng'ombe hazeeki maini! Jana nimemwona anapanda kile kilima cha uwanjani na mkoba mgongoni, wenzake wako nyuma." Mfamasia alimpa mteja chenji pungufu, na jioni hiyo hakuongea mezani. Bi Hatua alidhani ni uchovu.

Ilipofika wiki ya shindano la mwaka la klabu, tangazo jipya lilibandikwa kwenye ubao wa mapokezi. Wanachama wote waliotimiza miaka sitini watashiriki kwa kutumia vigari. Atakayetembea alama zake hazitahesabiwa. Chini, sahihi ya nahodha wa klabu.

Bi Hatua alilisoma mara mbili, akaenda kugonga mlango wa ofisi. Nahodha alikuwa wakili, mtu mrefu, shati limepigwa pasi hadi lina makali.

"Baba, hii sheria ni ya lini?"

"Ya wiki iliyopita, mama. Kamati imepitisha."

"Changa hivyo? Haijaota hata meno na tayari inauma watu."

Nahodha akatabasamu kama mtu anayesubiri mvua ipite. "Ni kwa usalama wenu. Na pia, tuseme ukweli, watu wazima wanachelewesha mchezo."

"Mimi nimemchelewesha nani? Mtaje."

Nahodha alipanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangwa. "Mama, kigari ni starehe. Watu wanakililia. Wewe unakikataa?"

"Starehe ni ya anayeitaka. Mimi sikuja hapa kukaa. Kiti ninacho nyumbani."

"Sheria ni sheria," alisema nahodha, na kwa kuwa macho ya mama yule hayakumwondoka usoni, akaongeza kwa sauti ya chini, "Na usinilaumu mimi peke yangu. Mwanao mwenyewe ndiye aliyekuja kuniomba. Alikaa hapo ulipo, karibu atokwe na machozi."

Bi Hatua alishika ukingo wa meza. Hakuwa ametegemea hilo. Seng'enge alikuwa ameziona za kila aina, za serikali, za matajiri, za ndugu wanaochukiana, lakini hii ilikuwa imefungwa na mkono alioulea mwenyewe.

"Nimeelewa," alisema. "Kesho nitatembea."

"Alama zako hazitahesabiwa."

"Zihesabiwe, zisihesabiwe, mpira utaingia shimoni."

Nyumbani hakumwambia mwanawe neno. Alikula, akasaidia kupanga vyombo, akapaka viatu vyake mafuta. Mkwe alimwona akivipaka, akaona jinsi alivyokuwa anavipaka, na akarudi jikoni kimyakimya. Kuna kupaka viatu na kuna kunoa panga.

Asubuhi ya shindano ardhi ilikuwa na maji. Mvua ilikuwa imenyesha kwa siku mbili, na mawingu yalikuwa bado yameinama. Vigari kumi na vinne vilipangwa mbele ya jengo. Bi Hatua alipangwa pamoja na Fundi Saa kwenye kigari namba tisa. Fundi Saa akaketi kwenye usukani, akatazama kiti kitupu kando yake, akamtazama mwenzake akiuvuta mkoba wa fimbo na kuuvaa mgongoni.

"Dada," alisema kwa huzuni ya kweli, "mimi goti langu linasema kigari. Moyo wangu unasema tembea. Lakini goti ndilo linalonibeba."

"Kaa, kaka. Hakuna aliyekukataza. Sikatai kigari chako, nakataa changu."

"Basi alama zako nitakuandikia mimi. Waniondoe na mimi wakitaka. Tangu lini nikashinda?"

Wakaanza. Msimamizi aliyekuwa na orodha alipaza sauti, "Mama, panda kigari!" Bi Hatua akapanga mpira, akatulia, akapiga. Ulikwenda moja kwa moja, ukadunda mara mbili kwenye nyasi zenye maji, ukalala. Akauinamishia kofia ule mpira, si msimamizi, akaenda zake. Nyuma yake baadhi ya wanachama walicheka, mmoja akapiga makofi, mmoja akaguna kwamba wazee wakiachiwa watatuletea msiba uwanjani. Alisikia vyote. Masikio hayakuwahi kupooza.

Shimo la kwanza mikwaju sita. La pili mitano. La tatu mpira uliingia kwenye mchanga akatumia minane, na Fundi Saa akaiandika yote minane bila huruma. Kigari kilikwenda kwenye njia yake ya kokoto, kikizunguka mbali kila palipokuwa na ulaini, na mara nyingi Bi Hatua alifika kwenye mpira, akausoma, akaupiga, kabla ya Fundi Saa kumaliza kuzunguka. Kwenye shimo la sita kigari cha mbele yao kilikwama matopeni, wanaume wawili wakawa wanasukuma wamekunja suruali. Aliwapita. "Poleni na safari," aliwaambia, na hakuongeza neno, ingawa lilikuwepo.

Walipokuwa kwenye benchi la shimo la kumi, wanakunywa maji, kigari kilikuja mbio. Nahodha alikuwa anaendesha. Pembeni yake alikuwa mfamasia, koti jeupe la dukani bado mwilini, mfuko umebanwa kifuani.

"Mama!" alisema kabla hakijasimama. "Mama, kwa nini unanifanyia hivi?"

"Mimi ndiye ninayekufanyia? Aliyekwenda kwa nahodha kisirisiri ni nani?"

Mfamasia alimgeukia nahodha, nahodha akawa anachunguza mawingu.

"Kaa chini nikupime presha," alisema mwanawe. Kutoka mfukoni akatoa kipimo. "Ikiwa juu tunaondoka sasa hivi. Sitaki mjadala."

"Na ikiwa chini?"

Mfamasia alimfunga mama yake mkanda wa kipimo mkononi, pale benchini, nyasi zimewazunguka, akamwambia asiongee, akasubiri dakika tano kwa saa kama taaluma inavyotaka. Mashine ikavuta pumzi, ikashusha. Mia moja thelathini na nne kwa themanini na mbili.

"Si kweli," alisema mfamasia.

Akapima tena. Mia moja thelathini na mbili kwa themanini na mbili. Akakigeuza kipimo, akakigonga kiganjani, akaangalia betri.

"Jipime wewe," Fundi Saa alishauri, akiwa makini kabisa. "Saa ikikataa kwa mteja, fundi huijaribu mkononi mwake."

Mfamasia akajifunga mkanda. Mashine ikavuta, ikavuta tena, ikashusha polepole. Mia moja hamsini na sita kwa tisini na nane. Nahodha akakohoa. Fundi Saa akakunja mkono wa shati, akasema, "Na mimi basi, tukiwa tumekwisha anza."

Bi Hatua hakucheka, ingawa baadaye, akiwa peke yake, alicheka hadi akashika ubavu. Alikuwa anamtazama mwanawe, jinsi alivyokaa na mkanda mkononi, kijana wa miaka thelathini na sita mwenye mifuko chini ya macho. Akasimama, akavaa mkoba. "Mimi naendelea. Mashimo yamebaki manane, na hili nalo."

Akapiga. Mpira ukashuka bondeni, kwenye nyasi ndefu zenye maji ambako vigari vilikatazwa. Akaufuata. Mfamasia alisimama kando ya njia ya kokoto na viatu vyake vya ofisini, akatazama mgongo wa mama yake ukishuka, ukawa mdogo, kisha akatukana kidogo na kumfuata.

Alimfikia katikati ya bonde, soksi zimelowa.

"Hivi unajua nilivyokukuta siku ile?" alisema, anahema. "Umekaa kitandani, umevaa gauni wazi, unavitazama vidole vyako. Hukulia. Mimi ndiye niliyelia. Sitaki kuiona tena ile."

"Hata mimi sitaki."

"Basi kaa nyumbani!"

"Mwanangu, kiharusi kile nilikipata nikiwa nyumbani."

Ndipo likamtoka mfamasia lililokuwa chini ya yote, na lilitoka kwa sauti ambayo Bi Hatua hakuwa ameisikia tangu mtoto huyu abalehe.

"Ulikuwa porini siku zote. Wiki tatu, wiki nne. Mimi kwa bibi, nahesabu siku. Nilipopata homa ya manjano ulikuwa unapima shamba la mtu. Nilipofaulu mtihani ulikuwa unapima shamba la mtu. Sasa Mungu amekurudisha, uko kwangu, chumba kipo, kila kitu kipo, na bado asubuhi ikifika unakimbilia porini. Nyumbani kuna nini kibaya, mama? Kuna mimi."

Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye nyasi. Bi Hatua alisimama na fimbo mkononi. Angeweza kumwambia kwamba mashamba yale ndiyo yaliyomsomesha. Ilikuwa kweli, na watu wengi wangesema hivyo. Lakini alijua kwamba hata kama pasingekuwa na mshahara angekwenda, labda si kila mara, lakini angekwenda, na mtoto alikuwa akilijua hilo tangu zamani.

"Hilo lako ni kweli," alisema. "Sitakudanganya kwamba nilikuwa nalia kila usiku kule. Niliipenda kazi ile. Nilikupenda na wewe. Sikujua kuviweka pamoja, na aliyeumia ni wewe. Nisamehe."

Mfamasia alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Akajifuta pua kwa mkono wa koti jeupe.

"Lakini sikiliza na hili," mama yake akaendelea. "Miaka ile siwezi kukurudishia kwa kukaa kwenye kiti. Ukinifunga sebuleni hutakuwa umenipata mimi, utakuwa umepata mama wa kupangusa vumbi. Mimi ndiye huyu, niliye na matope. Kama unanitaka, nipo hapa. Njoo."

"Nije wapi?"

"Shimo la kumi. Kijiti chenye kibendera kile pale. Ni mita ngapi?"

"Sijui mimi. Themanini?"

"Mia na kumi na tano, na upepo unatupiga usoni. Nipe ile fimbo yenye kamba nyekundu."

Akampa. Akapiga. Wakaenda.

Isidhaniwe kwamba mfamasia alikuwa amekwisha kukubali. Shimo la kumi na moja alinung'unika njia nzima. La kumi na mbili alidai mapumziko, akapewa. La kumi na tatu akauchukua mkoba mgongoni mwa mama yake bila kuuliza, na mama yake akamwachia, maana ukaidi una mipaka na mkoba ule ulikuwa na kilo tisa. Kwenye la kumi na sita Bi Hatua alihisi ganzi ikipita kwenye vidole vya kushoto, kidogo tu. Akakaa kwenye nyasi zenye maji vilevile, akavikunja vidole, akavikunjua, kimoja kimoja. Mwanawe akapiga magoti mbele yake, akamwambia atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi nzima.

"Nahodha wetu anaendesha kigari kama cha maharusi," alisema Bi Hatua. Maneno yalitoka safi, mikono ikapanda sawasawa. Ilikuwa ni baridi na fimbo iliyobanwa sana. Walikaa hapo hadi mwanawe aliporidhika, na safari hiyo hakubishana naye. Woga ule alikuwa nao pia. Hakutaka tu uwe ndio unaomwamulia.

Walimaliza la kumi na nane manyunyu yameanza. Mpira wa mwisho ulizunguka ukingo wa shimo, ukafikiri, ukaingia. Fundi Saa akajumlisha. Mikwaju mia moja na tisa.

Ndani ya jengo ubao ulikuwa umeandikwa majina na alama za kila mmoja. Mbele ya jina lake paliandikwa: AMEONDOLEWA. Watu walikuwa wamejaa, vikombe mkononi. Bi Hatua alipita katikati yao akidondosha maji, akaichukua kalamu iliyoning'inia kwa uzi, na chini ya neno lile akaandika kwa herufi zake za ramani, zilizonyooka: *Mikwaju 109. Mashimo 18. Kwa miguu.* Nahodha akafungua kinywa.

"Kufuta ni ruhusa," Bi Hatua alimwambia kwa upole. "Lakini itabidi ufute mbele yangu."

Haikufutwa siku ile. Ilifutwa Jumatatu, na msafishaji, pamoja na ubao mzima.

Kamati ilikaa wiki tatu baadaye. Bi Hatua alikwenda, akasema lake, wakapiga kura. Alishindwa, kura tano kwa tatu, sheria ikabaki. Mwanawe, aliyeandika barua kulifuta ombi lake, aliambiwa kwamba barua imepokelewa. Basi. Kombe walibaki nalo wenyewe, na Bi Hatua hakushindana tena.

Ila Jumatano asubuhi hapakuwa na shindano wala sheria ya vigari. Jumatano ya kwanza walikuwa wawili, yeye na Fundi Saa na goti lake kwenye kigari namba tisa. Ya pili akaja muuguzi mstaafu na mumewe, kwa miguu. Kufika mwisho wa msimu walikuwa watu saba waliopita sitini, wanaotembea wanatembea, wenye magoti wanapanda, hakuna anayemwuliza mwenzake kwa nini. Mfamasia alimwachia msaidizi duka Jumatano mbili kwa mwezi. Alicheza vibaya ajabu. Presha yake ilishuka hadi mia moja arobaini na moja, na alikataa katakata kuhusisha mambo hayo mawili.

Jumatano moja, wakiwa katikati ya shimo la saba, kigari kilikuja nyuma yao kikapiga honi. Alikuwa nahodha na mgeni wake. Wote wakasogea pembeni kwa adabu.

"Pita, baba," Bi Hatua alisema. "Wewe una haraka."

Kikapita, kikitupa maji kwenye nyasi. Upande wa kilima mawingu yalikuwa yanashuka, meusi, na tone la kwanza likamwangukia mfamasia kwenye mkono. Akatazama juu. Akamtazama mama yake, akafungua mdomo, wote wakamwona anaufungua. Kisha akaufunga, akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akauliza kutoka hapo mpaka kwenye kibendera ni mita ngapi.

"Pima mwenyewe," alisema mama yake, na akatangulia.